Ukitaka Kusikika Dodoma, Usingoje Juni

Mwaka wa Bunge, kwa mtu mwenye shida yake, unaanza Novemba. Nimelisema hili barazani, nimelisema kwenye misiba na harusi, na leo naliandika ili atakayeniuliza tena nimtumie asome mwenyewe.

Kila mwezi wa sita, Waziri wa Fedha akishamaliza kusoma bajeti, simu yangu haitulii. Wa Pongwe, hapa kwetu Tanga, anauliza mbona barabara yao haimo. Wa Deep Sea anauliza nani aliwasemea wavuvi. Shemeji yangu wa Muheza, mwenye michungwa, haulizi hata kidogo, analalamika tu. Wote wana haki. Lakini wanabisha hodi wakati mlango umeshafungwa, na hilo linaniuma, maana ulikuwa wazi miezi mingi na hakuna aliyewaambia.

Nimefundisha Uraia sekondari hapa Tanga mpaka nikastaafu. Mihimili mitatu ya dola, kazi za Bunge, sifa za mbunge: wanafunzi walikariri, wakafaulu, wakaenda zao. Lini jambo gani linafanyika, na raia wa kawaida anaingilia wapi, hilo halikuwa kwenye mtaala. Mimi mwenyewe nililipata baadaye, matangazo ya moja kwa moja ya Bunge kwenye televisheni yalipokatishwa mapema 2016. Nilikuwa nimezoea kukaa sebuleni nikiyafuatilia. Yalipoondoka nikahamia kwenye Taarifa Rasmi, yaani Hansard, inayowekwa kwenye tovuti ya Bunge. Napakua kwa simu, kurasa zinazotuhusu nazichapisha kwenye stesheneri ya mtoto wa dada yangu huku Ngamiani, nazipeleka barazani jioni. Kahawa inanyweka vizuri zaidi watu wakiwa na karatasi mkononi.

Sasa kalenda yenyewe. Bunge letu hukutana mara nne kwa mwaka: Novemba, mwishoni mwa Januari kuingia Februari, Aprili mpaka Juni, na mwishoni mwa Agosti kuingia Septemba. Kabla ya kila mkutano kamati za kudumu hutangulia Dodoma kwa wiki kadhaa. Mwaka wa uchaguzi kalenda hukatika, kwa sababu Bunge huvunjwa baada ya bajeti na linalofuata huanza upya. Na kumbuka Bunge letu ni la chumba kimoja. Jirani zetu wa Kenya, ng'ambo ya Horohoro, wana Seneti tangu 2013, kwa hiyo kuna mambo yanayopita mikono miwili. Kwetu muswada ukishapita Dodoma umepita, kilichobaki ni saini ya Rais. Ndiyo maana nasisitiza kuwahi.

Novemba Serikali huleta mapendekezo ya Mpango wa Maendeleo wa mwaka ujao wa fedha, na wabunge huyajadili. Watu hawafuatilii kabisa kikao hiki, maana hakina hotuba ya bei ya mafuta wala ya bia. Kwa mawazo yangu ndicho kikao kikubwa kuliko vyote. Hapo bado wizara hazijagawiwa fedha, bado kuna nafasi ya kusema bandari kwanza, au umwagiliaji kwanza, au barabara ya pwani isisahaulike tena. Januari na Februari kamati za kudumu huleta taarifa zao za mwaka: walikagua nini, waliagiza nini, wizara zilitekeleza nini. Aprili mashine ya bajeti inawaka, na tangu hapo mpaka Juni kinachobadilika ni kidogo mno.

Haikuwa hivi zamani. Wenye umri wangu wanakumbuka bajeti ikisomwa Juni, halafu wizara zikijadiliwa Julai mpaka Agosti, wakati mwaka wa fedha umeshaanza tarehe 1 Julai. Mwaka 2013 utaratibu ukabadilishwa: wizara zinajadiliwa kuanzia Aprili, na ifikapo 30 Juni kila kitu kiwe kimepita. Nauunga mkono utaratibu huu, kwa sababu halmashauri na wakandarasi wanaingia Julai wakijua kilichoidhinishwa. Ila Serikali ilipovuta ratiba mbele, sisi wananchi tulibaki na tabia ya kuanza kudai mwezi wa sita.

Jambo jingine wa Pongwe walisikie vizuri. Kabla hujaandika barua yoyote kwa mbunge, ujue barabara yako ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, chini ya Wizara ya Ujenzi. Barabara za mitaa na vijiji ni za TARURA, iliyoanza 2017, na hiyo iko TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Ukimlaumu Waziri wa Ujenzi kwa barabara ya mtaa utajibiwa kwa adabu kwamba si yake, na mwaka umekwenda. Barabara ya TARURA unaanza nayo kwenye mkutano wa mtaa, inapanda kamati ya maendeleo ya kata, inafika baraza la madiwani. Dodoma inafika mwishoni.

Aprili wizara ya kwanza kusimama ni Ofisi ya Waziri Mkuu, na ndani ya hoja hiyohiyo umo Mfuko wa Bunge, Fungu 42, yaani namba yake kwenye vitabu vya bajeti. Hapo Bunge linajiombea fedha zake lenyewe. Tume ya Utumishi wa Bunge, ambayo mwenyekiti wake ni Spika, ndiyo inayosimamia watumishi: makatibu wanaohudumia kamati, wachambuzi, maktaba, Mpambe wa Bunge anayebeba siwa, ile fimbo ya heshima ya Bunge, na wale wanaoandika Hansard. Likitajwa Fungu 42 barazani watu wanarukia posho za wabunge, mjadala unaishia hapo. Mimi naomba tuwatazame hawa wengine. Kamati isiyo na mchambuzi mzuri inapokea vitabu vya bajeti vinene kuliko matofali ikabaki kumsikiliza katibu mkuu wa wizara anavyotaka kueleza. Na Hansard isipoandikwa, mwananchi wa Tanga hana ushahidi wa neno lolote lililosemwa kwa niaba yake. Shilingi inayokwenda kwa watu hawa siihesabu kuwa hasara.

Hebu nikuonyeshe ukurasa wenyewe ulivyo, maana wengi hawajawahi kuufungua. Juu pana mkutano wa ngapi, kikao cha ngapi, tarehe, saa ya kuanza, kisha Dua. Zinafuata hati zinazowasilishwa mezani, halafu maswali. Kila swali lina namba, na juu yake kichwa kinachosema linahusu nini na wapi. Kwa hiyo huna haja ya kusoma yote. Unapitisha macho kwenye vichwa mpaka ukutane na Mkinga, Kilindi au Pangani. Mwenye swali la msingi analiuliza kwa namba yake, waziri au naibu wake anajibu kwa maandishi yaliyoandaliwa, kisha mbunge ana maswali mawili ya nyongeza. Hayo ya nyongeza ndiyo ninayoyasoma kwa kalamu, kwa sababu jibu lake halikuandaliwa na wataalamu. Waziri anasimama na anachokijua.

Wanaandika mpaka makofi. Mbunge akishangiliwa utaona neno hilo kwenye mabano, ukumbi ukicheka utaona kicheko, na muda ukimwishia mzungumzaji wanaandika kwamba kengele ya pili imelia. Siku moja barazani kijana wa bodaboda alituapia kwamba mbunge fulani aliwasha moto kuhusu mashamba ya mkonge. Nikafungua kikao chenyewe. Mheshimiwa alitumia dakika zake karibu zote kupongeza, akataja mkonge, kengele ikamkata. Na kuna wengine, kinyume chake, hawaonekani kwenye video yoyote, lakini ukishuka chini utakuta mchango wao wa maandishi, wenye namba za barabara na majina ya vijiji. Hao nawaheshimu sana. Usimpime mbunge wako kwa vipande vya sekunde thelathini vinavyozunguka WhatsApp.

Majibu ya mawaziri nayo yana ngazi zake, na ukizijua hutadanganyika wala hutakata tamaa bure. "Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo" maana yake bado hakuna kilichofanyika. Ukisikia "upembuzi yakinifu na usanifu wa kina", wataalamu wanapita au wamepita, na gharama inaanza kujulikana. "Serikali inaendelea kutafuta fedha" ni ngazi ngumu, barabara inaweza kukaa hapo miaka na miaka. "Taratibu za manunuzi zinaendelea", hapo pumua. "Mkandarasi yuko eneo la kazi", hapo sasa uliza amelipwa malipo ya awali au la. Na lile la "kadiri fedha zitakavyopatikana" linaweza kupachikwa kwenye ngazi yoyote. Mbunge mzuri halikubali likiwa peke yake, anauliza la nyongeza: mwaka gani wa fedha, na kiasi gani kimetengwa?

Nimeifuatilia kwa namna hiyo barabara ya Tanga, Pangani, Saadani mpaka Makurunge kule Bagamoyo. Sisi watu wa pwani ni ndugu na watu wa Bagamoyo, lakini kwenda kwao kwa lami tumekuwa tukizunguka Segera, tunateremka mpaka Msata, ndipo tunarudi tena baharini. Kwenye Hansard utaikuta ikipanda ngazi moja baada ya nyingine: upembuzi, usanifu, kutafuta fedha, kisha ikakatwa vipande, kilomita 50 za Tanga hadi Pangani zikatajwa peke yake, halafu likaja daraja la Mto Pangani, mita 525, na fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Waliouliza mwaka huu hawakuwa walewale waliouliza mwaka ule. Swali lilibaki hai kwa sababu kila aliyelipokea alitaja kilomita na vijiji. Bandari yetu nayo imepita kwenye bajeti kwa mtindo huo mpaka ikafika mradi wa shilingi bilioni 429.1, wa kuchimba kina kutoka mita 3 hadi 13 na kujenga gati. Wazee wa bandarini wanaokumbuka meli zikisimama mbali na mizigo kushushwa kwa matishari wanajua hizo mita kumi zina maana gani.

Kuna mkanganyiko mmoja wa hapa kwetu. Waziri haulizi maswali bungeni, yeye ndiye anayejibu. Ummy Mwalimu alipokuwa mbunge wa Tanga Mjini na huku ni Waziri wa Afya, na Jumaa Aweso wa Pangani akiwa Waziri wa Maji, watu walinijia na manung'uniko kwamba wabunge wao hawaulizi kitu. Hawawezi. Jimbo lenye waziri linanufaika kwa njia nyingine, lakini swali lake kwenye karatasi lazima lipitie kwa mwingine, mbunge wa Viti Maalum au wa jimbo la jirani. Mkoa wa Tanga una majimbo kumi na mawili. Ukikuta mlango mmoja hauwezekani, nenda kwa wa Viti Maalum, ni mbunge kamili, ana haki zote za kuuliza.

Turudi Aprili na Mei. Kila wizara inaleta makadirio yake, kamati husika inasoma maoni, wabunge wanachangia kwa dakika zao, waziri anahitimisha. Kisha Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi na kupita kifungu kwa kifungu. Kwenye kifungu cha mshahara wa waziri ndipo mbunge anaposhika shilingi: anatoa hoja mshahara upunguzwe shilingi moja mpaka apate maelezo ya kuridhisha. Akiungwa mkono mjadala unafunguka, wengine wanasimama, waziri anaahidi, mara nyingi shilingi inarudi. Wapo wanaosema ni mchezo wa kuigiza. Sikubaliani nao hata kidogo. Ahadi iliyotolewa shilingi ikiwa mkononi inaandikwa kwenye Hansard kwa jina la waziri na tarehe, na Januari inayofuata unaweza kuitoa ukamuuliza mbunge wako imefikia wapi. Tatizo ni muda. Saa zikikaribia kwisha, vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa mkupuo bila maelezo, na mwenye jambo lake kwenye kifungu cha mwisho anakaa nalo. Ndiyo maana mbunge mwenye uzoefu hangojei kifungu cha mwisho.

Katikati ya Juni, siku moja na majirani zetu wa Afrika Mashariki, Waziri wa Fedha anasoma bajeti kuu. Ya 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, ya 2025/26 trilioni 56.49. Baada ya siku kadhaa za mjadala wabunge wanaitwa jina mmoja mmoja, kila mtu anatamka kura yake. Na wanajua uzito wake, kwa sababu Katiba ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti. Ndugu yangu unayetaka barabara iingizwe siku hiyo, angalia unachomwomba mbunge wako afanye.

Kitu kimoja bado kiko wazi mwezi wa sita, nacho ni kodi na tozo. Muswada wa Sheria ya Fedha unakwenda Kamati ya Bajeti, na kamati hukaribisha maoni ya wadau, kwa kufika au kwa maandishi. Siku ni chache, tangazo linatoka na kupita. Mwaka 2021 muswada huo ndio ulioleta tozo za miamala ya simu. Ulipita Juni, na sauti za nchi nzima zikapanda baada ya tozo kuanza kukatwa tarehe 15 Julai. Mama zetu wanaotumiwa fedha ya matumizi na watoto walioko Dar walikuwa wanaona makato ndipo wanajua kuna sheria. Kelele zilisaidia, Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikaondolewa kwenye kutuma na kupokea. Lakini kina mama hao walikatwa miezi yote hiyo ya katikati. Najiuliza ni vikundi vingapi vya wauza samaki au vicoba vya hapa Tanga vilipeleka hata ukurasa mmoja kwa kamati ile kabla muswada haujapita.

Tanga si wageni kwenye Bunge hili. Chifu Erasto Mang'enya, Mbondei wa mkoa huu, alikalia kiti cha Spika kuanzia 1973 hadi 1975. Nikiwatajia vijana jina hilo wananitazama tu, na nadhani tuna deni hapo, lakini hiyo ni makala ya siku nyingine.

Nimalizie na shemeji yangu, kwa sababu wengi wenu shida yenu inafanana na yake. Machungwa ya Muheza yanaiva kwa wakati mmoja, wanunuzi wanakuja shambani na bei yao mfukoni, mkulima anakubali kwa sababu yataoza. Kila mwaka alikuwa anamwambia mbunge akimkuta msibani: "Mheshimiwa, tusaidie machungwa." Mheshimiwa gani atafanya nini na maneno hayo? Nikamwambia, shemeji, lete wenzako tukae. Wakaja wakulima wa vijiji vyao, tukaandika ukurasa mmoja. Juu tukaweka wizara: Kilimo, Fungu 43. Tukaandika vijiji, msimu wa kuvuna unaanza na kwisha lini, bei ya shambani ya misimu iliyopita kama wao wenyewe walivyouza, na kituo cha kukusanyia na kupozea kingewekwa wapi ambapo gari linafika hata masika. Mwisho tukaweka swali moja, limeshanyooshwa, ambalo mbunge anaweza kulisoma kama lilivyo, na chini yake mawili ya nyongeza: moja la mwaka wa fedha, moja la kiasi.

Barua hiyo tuliipeleka Oktoba, nakala moja ofisi ya mbunge, nyingine kwa mbunge wa Viti Maalum, ya tatu kwa kamati ya Bunge inayosimamia kilimo kupitia kwa Katibu wa Bunge, Dodoma. Zote tatu zina muhuri au risiti ya posta. Wa Deep Sea, nyinyi wizara yenu ni Mifugo na Uvuvi. Wa Pongwe, kaulizeni kwanza kwa mtendaji wa kata kama barabara ni ya TARURA, kisha mje na urefu wake, inapoanzia na inapoishia. Niko barazani kila siku baada ya alasiri, kuandika nitawasaidia, na kuchapisha ni kazi ya mpwa wangu. Mje kabla wabunge hawajaondoka kwenda kamati za Novemba.